Kamera Mpya Kesses: Vipimo vya Kufanya Kabla Hujakula Doh ya Mtu

Ukishatoa doh ya kamera, kitu ya kwanza unataka ni kupiga jua likizama pale Kesses Dam alafu uposti. Poa tu. Lakini kama hiyo kamera ndiyo itakuletea mkate, wiki ya kwanza si ya kuringa, ni ya kuitesa. Duka linaweza kukubadilishia kamera mbovu, lakini mahafali ya Moi hayarudiwi. Mathe ametoka ocha usiku kucha, mtoto wake anavaa joho hiyo siku moja, alafu picha zipotee? Hiyo ni ngori.

Na Kesses si tao. Eldoret iko kama kilomita 35, kwa hivyo shida ukiigundua asubuhi ya kazi, mathree ya kwenda na kurudi itakula siku yako. Pima mapema, mos mos, ukifuata hii orodha.

1. Risiti na namba
Cheki kama namba ya serial chini ya kamera inafanana na ya kwa boksi na ya kwa risiti. Uliza una siku ngapi za kurudisha, na ziandikwe. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, so hauombi msaada hapo. Kama ni Sony iliyotoka soko la Japani, washa menyu kabla ya kulipa, maana nyingi huwa na Kijapani peke yake.

2. Betri
Chaji hadi taa ya chaja ikuambie imejaa. Ile story ya kuchaji masaa nane mara ya kwanza ni ya betri za kitambo, hizi za lithium hazihitaji. Kesses iko juu ya mita 2,000 na asubuhi baridi hapa haina huruma. Baridi hufanya betri iishe haraka, kwa hivyo ile ya akiba iweke mfuko wa ndani ya jaketi.

3. Tarehe na video
Weka saa ya Nairobi, GMT+3. Saa ikiwa mbaya, kupanga picha za wateja watano wa siku moja itakutoa jasho. Picha weka RAW pamoja na JPEG.

Kwa video, toa NTSC weka PAL, fremu 25, shata 1/50. Stima ya Kenya ni 50Hz, kwa hivyo taa nyingi za ndani hupepesa mara 100 kwa sekunde. Macho hayaoni, lakini kamera iliyowekwa fremu 30 na shata 1/60 inaweza kuchora mistari inayotembea kwa ukuta. Wengi hudhani kamera imeharibika, kumbe ni mpangilio tu.

4. Memori kadi
Hapa ndipo wasee wengi huchomeka. Kadi feki inaweza kuandikwa 128GB na ndani ni 16. Itakubali picha zako zote bila kulia, alafu ukifika keja unapata mafaili hayafunguki. Idunge kwa laptopu ya Windows ikiwa tupu na uendeshe programu ya bure inaitwa H2testw. Inajaza kadi yote kisha inasoma kila kitu upya. Ikipita, ifomati ndani ya kamera, si kwa laptopu. Kadi yenye alama V30 inaandika angalau MB 30 kwa sekunde, na hiyo inatosha video za kawaida.

5. Sensa
Funika lenzi na kifuniko, weka ISO 1600, piga picha ya sekunde moja. Vuta karibu. Doti moja au mbili si noma, lakini zikijaa kama nyota, rudisha. Alafu weka f/16 na upige anga jeupe. Madoa meusi yanayokaa pahali pamoja kila picha ni vumbi kwa sensa.

6. Fokasi
Laza gazeti mezani, kamera iwe juu ya kitu imara ikilitazama kwa mshazari. Fungua lenzi mwisho, lenga mstari mmoja, piga mara kumi. Mstari uliolenga ndio unafaa kuwa mkali. Kama kila mara ni ule wa mbele au wa nyuma, lenzi na kamera hazielewani.

7. Kama ni ya mtumba
Uliza shata imepiga mara ngapi. Nikon D3500, kwa mfano, ilipimwa kwa mara 100,000. Ikikaribia hapo bado inaweza kuendelea, lakini bei lazima ishuke.

8. Mazoezi ya mwisho
Valisha komredi mmoja hudi nyeusi na shati jeupe, msimame nje saa sita mchana. Hiyo ndiyo mwanga wa mahafali: nguo nyeusi, jua kali, uso ndani ya kivuli cha kofia. Piga picha 300 mfululizo na video ya dakika 20, ujue kama itapata moto au itakwama. Ukitoka baridi kuingia ukumbi wenye watu, lenzi itashika ukungu, so iache ndani ya begi dakika kadhaa kwanza.

Jioni hamisha kila kitu kwa laptopu na ufungue picha moja moja. Ukipata kasoro, usifute. Zihifadhi na uende nazo dukani na risiti, siku zako za kurudisha zikiwa bado hazijaisha. Ikipita vipimo vyote, sasa unaweza kuchukua kazi ya mtu.