Zambarau ya Malkia: Wapanda Farasi wa Oxfordshire

Malkia Adelaide, mke wa Mfalme William IV, alipozuru Oxford mwaka 1835, wapanda farasi wa kujitolea wa Oxfordshire walimsindikiza, naye akawajaalia heshima ya kuitwa wake pamoja na rangi aliyoipenda, zambarau, ambayo katika enzi ya Victoria ilipamba sare zao za buluu iliyokoza, sambamba na nakshi za uzi wa fedha. Ofisa alijigharimia mavazi; mkulima alikuja na farasi wake, aghalabu akimfuata kabaila yule yule aliyempangisha shamba, na kwa rai yetu ujirani huo ulikiunga kikosi kuliko fahari ya nguo. Ukoo wa Churchill wa kasri la Blenheim ulishika hatamu kizazi baada ya kizazi: Winston Churchill alijiunga mwaka 1902, nduguye mdogo, Jack, akiwa amekwisha kumtangulia.