Kilo zako na hesabu ya Mbelgiji

Wadau, rafiki yangu wiki ya pili sasa hali chakula cha usiku. Anataka afike kilo 60, eti chati inasema hivyo. Nikajiuliza, hii chati ilitoka wapi?

Mwaka 1832 Adolphe Quetelet, Mbelgiji mtaalamu wa hesabu na nyota, aliona kuwa uzito wa watu wazima huendana na kimo kikizidishwa kwa chenyewe. Hakuwa daktari wala hakushughulika na unene. Alikuwa akimsaka "mtu wa wastani". Mwaka 1972 Mmarekani Ancel Keys akaipa hesabu ile jina la BMI, kwa ajili ya tafiti za makundi ya watu. Mwaka 1998 Marekani ikashusha mpaka wa uzito wa kawaida hadi 25. Mamilioni wakaamka wanene bila kuongeza hata gramu!

Kwa hiyo chati ni dira, si hakimu. Kwa mtu mnene, kupunguza hata asilimia 5 ya uzito husaidia presha na sukari. Kisha chukua futi ya fundi cherehani: kiuno kisifike nusu ya kimo chako.

Nimemwambia rafiki yangu. Jana usiku alikula.