Filamu za Kale Majumbani: Historia ya Nakala na Wakusanyaji Wake

Mtu apendaye mashairi ya kale aweza kuweka diwani nyumbani mwake, akaifungua usiku au mchana, akarudia ubeti mmoja mara kumi, na akalinganisha chapa moja na nyingine. Mpenzi wa sinema hakuwa na fursa hiyo kwa muda wa miaka themanini tangu filamu za kwanza zilipoonyeshwa kwa malipo mjini Paris mwaka 1895. Filamu ilikuja mjini, ikakaa juma moja au mawili, ikaondoka. Na aliyetaka kuiandikia habari baadaye alitegemea kumbukumbu yake. Ndiyo sababu vitabu vya zamani juu ya sinema, hata vya wataalamu walioheshimiwa, vyasimulia mara nyingine matukio ambayo hayamo katika filamu zenyewe. Desturi ya kukusanya filamu bora majumbani, iliyoenea baina ya mwaka 1975 na 2000, yahesabiwa na wengi kuwa sehemu ya historia ya burudani. Lakini kwa mwanachuoni habari hiyo yahusu zaidi historia ya hati: namna nakala zilivyopotea, zilivyopatikana, zilivyolinganishwa, na nani aliyekuwa na haki ya kuzishika.

Kupotea ndiko kulikotangulia. Hadi mwaka 1951 hivi filamu nyingi za kuonyeshwa hadharani zilitengenezwa kwa selulosi naitreti, kitu kishikacho moto upesi na kuoza kwa muda. Filamu iliyomaliza maonyesho yake ilikuwa mzigo ghalani, na nyingi ziliharibiwa kwa makusudi, nyingine ili madini ya fedha yaliyomo yatolewe na kuuzwa. Taarifa iliyotolewa mwaka 2013 na Maktaba ya Bunge la Marekani yaeleza kwamba katika filamu ndefu zisizo na sauti zilizotolewa nchini humo kati ya mwaka 1912 na 1929, ambazo zilikaribia 11,000, ni asilimia 14 tu zilizosalia kamili katika umbo lake la awali. Kama mtu angesema hivyo juu ya vitabu vya taifa lolote, wasomi wangelia.

Waliojaribu kuokoa kilichosalia hawakupatana. Nchini Uingereza, maktaba ya taifa ya filamu ilianzishwa mwaka 1935, na Ernest Lindgren aliyeiongoza alishikilia kwamba nakala iliyo pekee haifai kupitishwa katika mashine ya kuonyeshea, kwa kuwa kila onyesho laikwaruza. Nchini Ufaransa, Henri Langlois, aliyeanzisha Cinémathèque française mwaka 1936 pamoja na Georges Franju, aliamini kwamba filamu isiyoonyeshwa imekwisha kufa. Kwa kanuni za utunzaji Lindgren ndiye aliyekuwa na haki. Hata hivyo, vijana walioketi mbele ya kiwambo cha Langlois, miongoni mwao Truffaut, Godard na Rivette, ndio walioibadili sinema ya Ufaransa, na pengine hiyo ni hoja kubwa kuliko kanuni. Mkusanyaji wa nyumbani alikuja kuwa mfuasi wa Langlois, ijapokuwa wengi wao hawakulijua jina lake.

Wakusanyaji wa kwanza walikuwapo kabla ya video. Kampuni ya Pathé ilitoa mwaka 1922 mashine ndogo ya nyumbani iliyotumia filamu ya upana wa milimita 9.5, na mwaka uliofuata Kodak ikaleta ile ya milimita 16. Filamu mashuhuri zilifupishwa ili zienee katika mikanda hiyo midogo. Ufupisho huo ulikuwa dhambi kwa kazi ya mtungaji, lakini ulikuwa na baraka zake. Mwaka 1954 mwanafunzi mmoja wa Uingereza, Kevin Brownlow, alipata vipande viwili vya milimita 9.5 vya filamu ya Abel Gance iitwayo Napoléon, ya mwaka 1927, ambayo ilikuwa imekatwakatwa na kusahauliwa. Alivutiwa nayo hata akaanza kutafuta vipande vingine, na kazi hiyo ikawa ya maisha yake yote. Filamu aliyoirekebisha ilionyeshwa London mwaka 1980, nayo ilipotolewa katika diski na British Film Institute mwaka 2016 ilikuwa na urefu wa saa tano na nusu hivi. Mwanzo wa yote ulikuwa vipande viwili mikononi mwa kijana asiye na cheo chochote.

Si wote waliotazamwa kwa jicho la kheri. Wenye filamu walidai kwamba nakala hukodishwa tu, haiuzwi, na kwa hiyo yeyote aliyekuwa nayo nyumbani alidhaniwa kuwa mwizi. Mwezi wa Desemba 1974 maafisa wa upelelezi wa Marekani waliingia nyumbani kwa mwigizaji Roddy McDowall na kuuchukua mkusanyo wake wa filamu na kanda. Hakushtakiwa, lakini hofu iliwaingia wenzake. Mwaka uliofuata Sony ilitoa Betamax, na mwaka 1976 JVC ikatoa VHS. Mashine hizi, ambazo Waswahili waliziita deki, zilimwezesha mtu kurekodi filamu kutoka katika televisheni. Kampuni ya Universal na ile ya Disney zilikwenda mahakamani. Na tarehe 17 Januari 1984 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, kwa kura tano dhidi ya nne, kwamba kurekodi nyumbani ili kutazama baadaye hakuvunji sheria. Kura moja tu. Wakati huo biashara ilikuwa imekwisha kuitangulia sheria, kwani mwaka 1977 Andre Blay wa Michigan alikuwa amepata idhini ya kuuza katika kanda filamu 50 za Twentieth Century-Fox.

Kanda, hata hivyo, ilikuwa hati mbovu. Picha yake ilififia, na kila ilipochezwa iliharibika kidogo zaidi. Kasoro kubwa zaidi ilikuwa ya umbo. Tangu mwaka 1953, ilipotolewa The Robe kwa mtindo wa CinemaScope, filamu nyingi zilipigwa kwa upana mkubwa, hali kiwambo cha televisheni kilikuwa karibu na mraba. Waliohamisha filamu katika kanda walikata pande zake za kulia na kushoto. Mtazamaji aliona watu wawili wakizungumza, mmoja akiwa hayumo katika picha, wala hakuambiwa kwamba ameondolewa. Ni kama mhariri aliyechapisha utenzi akaacha kipande kimoja cha kila mshororo kwa sababu karatasi yake ilikuwa nyembamba.

Aliyeleta adabu ya uhariri katika jambo hili alitoka upande usiotazamiwa. Mwezi wa Desemba 1978 iliuzwa Atlanta kwa mara ya kwanza sahani ya kusomwa kwa mwanga wa leza, yenye kipenyo cha sentimita 30, mfano wa santuri. Wanunuzi wa kawaida hawakuipenda, kwa kuwa haikuweza kurekodi. Lakini ilikuwa na sifa ambayo mwanachuoni atatambua thamani yake mara moja: katika namna mojawapo ya sahani hizo, kila upande ulibeba hadi picha 54,000, na kila picha ilikuwa na namba yake. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kunukuu mahali maalumu katika filamu kama anukuuvyo ukurasa na mstari, na msomaji wake akapafikia mahali hapo papo hapo.

Mwaka 1984 Robert Stein, Aleen Stein na wenzao walianzisha nchini Marekani Criterion Collection, na matoleo yao mawili ya kwanza yalikuwa Citizen Kane na King Kong. Katika sahani ya King Kong walitumia njia ya pili ya sauti kumwekea Ronald Haver, mtunza filamu wa jumba la makumbusho la Los Angeles, azungumze juu ya filamu huku ikiendelea. Huo ndio ufafanuzi wa sauti ulioenea baadaye duniani kote, nao si kingine ila sherehe, kama zile ambazo wanavyuoni wa Kiislamu wameziandika pambizoni mwa vitabu kwa karne nyingi. Walianza pia kutoa filamu pana katika upana wake wote, wakiacha ukanda mweusi juu na chini ya picha. Wateja wengine walinung'unika kwamba wamepunjwa picha, hali ndipo walipokuwa wamepewa yote. Kisha Criterion waliungana na Janus Films, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1956 na iliyokuwa imewapelekea Wamarekani filamu za Bergman, Fellini na Kurosawa.

Jinsi matoleo haya yalivyotegemea bahati ya hati yaonekana vizuri katika La Grande Illusion ya Jean Renoir, ya mwaka 1937. Wajerumani walipoingia Paris mwaka 1940 waliichukua nakala mama, yaani ile iliyotoka ndani ya kamera yenyewe, na kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa imeteketea kwa mabomu. Renoir aliirudisha filamu yake hadharani mwaka 1958 kwa kuunganisha nakala zilizopatikana. Kumbe nakala mama ilikuwa imepelekwa Berlin. Na Berlin ilipotekwa mwaka 1945, Warusi wakaichukua hadi Moscow. Katika miaka ya 1960 ilirejea Ufaransa, katika ghala la filamu la Toulouse, kwa mabadilishano ya kawaida baina ya ghala mbili, wala hakuna aliyetambua kilichokuwa ndani ya makopo. Ilitambuliwa katika miaka ya 1990. Criterion walikuwa wamekwisha kuipa filamu hiyo namba 1 katika mfululizo wao mpya wa DVD, ulioanza mwaka 1998. Waliposikia habari hii waliahirisha, na namba 1 ikatoka mwaka 1999, nyuma ya namba nyingi zilizopaswa kuifuata.

Filamu hiyo yafaa kuangaliwa na wanaisimu kwa sababu nyingine. Ndani yake husemwa Kifaransa, Kijerumani, Kiingereza na Kirusi, na uchaguzi wa lugha ni sehemu ya maana. Maofisa wawili wa ukoo bora, mmoja Mfaransa na mmoja Mjerumani, hugeukia Kiingereza wanapozungumza wao kwa wao, na kwa njia hiyo huwafungia mlango wanajeshi wa kawaida, hata wa taifa lao wenyewe. Tafsiri iandikwayo chini ya picha hugeuza lugha zote kuwa moja, na tofauti hiyo hupotea machoni ijapokuwa masikio yaisikia. Mwenye diski aweza kuiondoa tafsiri, akarudia mazungumzo, akasikiliza ni neno gani lilileta mabadiliko ya lugha. Jambo hilo halikuwezekana katika jumba la sinema.

Kuhusu Afrika, rafu za wakusanyaji zilichelewa sana. Mandabi ya Ousmane Sembène, ya mwaka 1968, ilipigwa mara mbili, kwa Kiwolofu na kwa Kifaransa, nayo ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza kwa Kiwolofu. Criterion waliitoa mwaka 2021. Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty, ya mwaka 1973, ilirekebishwa mwaka 2008 na kuingia katika mkusanyo wao mwaka 2013. Mwaka 2020 gazeti la The New York Times lilionyesha kwamba katika filamu zaidi ya 1,000 za Criterion waongozaji Wamarekani Weusi walikuwa wanne tu, na viongozi wa kampuni walikiri upungufu huo. Mwenye kuchapa ndiye mwenye kuchagua. Na mkusanyaji adhaniaye kwamba rafu yake ni mizani ya sinema ya dunia amepokea mizani ya mtu mwingine.

Sasa kuna njia ya tatu, ambayo filamu hupelekwa nyumbani kwa mtandao wa intaneti bila kitu cha kushikwa mkononi. FilmStruck, iliyokusanya filamu za Criterion na nyinginezo za kale, ilifunguliwa mwezi wa Novemba 2016 na kufungwa mwezi wa Novemba 2018 kwa uamuzi wa wenye mali, na Criterion wakalazimika kuanzisha njia yao wenyewe mwezi wa Aprili 2019. Netflix, iliyoanza kwa kupeleka diski kwa posta, iliacha kazi hiyo mwezi wa Septemba 2023. Mlipaji wa mtandao amerudi mahali pa mtazamaji wa mwaka 1930: filamu yaja, yakaa, yaondoka.

Hatari ya filamu kukosa nakala mikononi mwa watu yawahusu moja kwa moja wachunguzi wa Kiswahili. Baina ya mwaka 1935 na 1937, jaribio lililoitwa Bantu Educational Kinema Experiment, lililokuwa na makao yake Vugiri katika milima ya Usambara, lilitengeneza filamu zipatazo 35 kwa watazamaji wa Afrika ya Mashariki na ya Kati. Zijulikanazo kusalia ni tatu tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikapigwa Tanganyika filamu ya Kiswahili Muhogo Mchungu, ambamo aliigiza Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Hakuna rafu ya nyumbani iliyozihifadhi filamu za Vugiri, kwa kuwa hazikuuzwa kamwe kwa mtu binafsi. Tena sauti zake hazikuwamo katika filamu. Maelezo, ya Kiswahili na ya lugha nyingine za eneo hili, yalirekodiwa katika sahani za santuri, zikachezwa pembeni huku picha zikipita. Basi atakaye kusikia Kiswahili kilivyosemwa katika filamu hizo ana vitu viwili vya kutafuta, na kimoja chaweza kupatikana bila ya kingine.