Nani Mwenye Haki ya Kurekebisha? Historia ya Usimamizi wa Seva Pepe, 1967–2023

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya seva pepe, yaani kompyuta zinazoundwa kwa programu ndani ya kompyuta moja halisi, kuanzia mwaka 1967 hadi 2023. Swali linaloongoza uchunguzi ni hili: katika kila kipindi, nani alikuwa na uwezo wa kuyarekebisha mazingira hayo ili yakidhi mahitaji yake? Makala yanabainisha kwamba uwezo huo umekuwa ukitegemea mambo mawili: haki ya kuuona na kuubadili msimbo chanzo, na kuwapo kwa wataalamu wa kuitumia haki hiyo. Lilipokosekana mojawapo, aliyeitumia mitambo alibaki mpangaji katika nyumba ya mwingine.

Utangulizi

Katika mijadala ya sera, seva pepe huchukuliwa mara nyingi kuwa teknolojia ya karne ya 21 iliyoletwa na kampuni zinazokodisha kompyuta kupitia intaneti. Mtazamo huo unaficha nusu ya historia yake. Wazo lenyewe lilianza kufanya kazi miaka ya 1960, na mgogoro wa kwanza kuhusu umiliki wake ulizuka kabla kompyuta ndogo za mezani hazijaenea. Mshauri wa sera asiyeujua mgogoro huo anaweza kuuona ule wa mwaka 2023 kuwa jambo geni, ilhali ni marudio.

Mwanzo: CP-40 na warithi wake

Katika miaka ya mwanzo ya 1960, kompyuta moja iligharimu fedha nyingi mno kiasi kwamba haikuwezekana kumpa kila mtafiti ya kwake. Katika chuo cha MIT, Marekani, ulibuniwa mfumo wa CTSS ulioonyeshwa mwaka 1961, ambao uliwawezesha watu kadhaa kuitumia kompyuta moja kwa zamu fupi za sehemu ya sekunde. Mwaka 1964 kampuni ya IBM ilianzisha kituo cha utafiti mjini Cambridge, Massachusetts, karibu na chuo hicho. Hapo kundi lililoongozwa na Robert Creasy lilichukua njia tofauti. Badala ya watumiaji wengi kugawana mfumo mmoja, kila mmoja alipewa kitu kilichoonekana kwake kama kompyuta kamili. Mfumo huo, CP-40, ulianza kutumika Januari 1967. Mrithi wake, CP-67, ulitolewa kwa wateja mwaka 1968, kisha Agosti 1972 IBM ikatangaza VM/370 kuwa bidhaa rasmi.

Jambo la kuzingatia ni kwamba CP-67 ilitolewa pamoja na msimbo chanzo wake. Wateja hawakungoja ruhusa ya kuubadili. Katika Chuo Kikuu cha Washington State, mabadiliko yaliyofanywa ili kuharakisha ugawaji wa muda wa kichakataji yaliingizwa baadaye na IBM katika toleo la wote. Huko Grenoble, Ufaransa, watafiti walitunga upya kanuni ya kugawa kumbukumbu na kuchapisha matokeo yao mwaka 1973. Kampuni ya National CSS nayo iliubadili mfumo huo kiasi cha kuwa na toleo lake yenyewe, VP/CSS, na ikafanya biashara ya kukodisha muda wa kompyuta kwa njia ya simu. Kwa hiyo, katika kipindi hiki mteja alikuwa pia mjenzi.

Mgogoro wa mwaka 1983

Februari 1983 IBM ilitangaza sera mpya: kuanzia hapo programu zake zingetolewa katika umbo linalosomwa na mashine pekee, bila msimbo chanzo. Sababu ya kampuni haikuwa ya kubeza. Programu ilikwisha kuwa bidhaa inayouzwa peke yake, na kampuni ilitaka kulinda mali yake. Aidha, kila mteja aliyebadili kiini cha mfumo alipata taabu ya kuyahamisha mabadiliko yake kila toleo jipya lilipotoka, na kampuni ilitatizika kuhudumia mifumo isiyofanana.

Hata hivyo, jumuiya ya watumiaji wa VM, iliyokutana katika chama cha SHARE, iliipinga sera hiyo kwa miaka mingi. Hoja yao ilikuwa ya kazi, si ya hisia. Kituo kilichokuwa kimezoea kutafuta chanzo cha hitilafu chenyewe sasa kingelazimika kungoja. Sera haikufutwa, na msimbo wa sehemu nyingi za mfumo ulifungwa hatua kwa hatua. Mifumo ya ukoo wa VM iliendelea kuishi hadi leo kwa jina la z/VM, lakini uhusiano kati ya mtengenezaji na mteja ulikuwa umebadilika.

Vichakataji vya x86 na kurejea kwa msimbo wazi

Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg walichapisha masharti ambayo kichakataji kinapaswa kuyatimiza ili kiweze kubeba mashine pepe kwa usalama na ufanisi. Vichakataji vya x86, vilivyotawala soko baadaye, havikuyatimiza. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2000 ulibaini amri 17 za Pentium zilizokiuka masharti hayo. Kampuni ya VMware, iliyoanzishwa mwaka 1998 na watu waliotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, ilikipita kikwazo hicho kwa kutafsiri amri hizo papo hapo wakati programu inaendeshwa. Mwaka 2001 ilitoa ESX Server. Ulikuwa ufumbuzi hodari, ila msimbo wake ulifungwa.

Njia ya pili ilitoka Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Mwaka 2003 watafiti wake walieleza mfumo wa Xen, ambao badala ya kuuhadaa mfumo wa uendeshaji uliurekebisha ujue kwamba uko ndani ya mashine pepe. Kwa Linux, kazi hiyo ilihitaji takribani mistari 3,000 ya msimbo. Marekebisho hayo yaliwezekana kwa sababu Linux ni programu huria. Mwaka 2006 Amazon ilianza kutoa huduma ya EC2 juu ya Xen, na sehemu kubwa ya kazi ya kuijenga ilifanyika mjini Cape Town, Afrika Kusini. Februari 2007 mfumo wa KVM uliingizwa katika kiini cha Linux chenyewe, baada ya Intel na AMD kurekebisha vichakataji vyao.

Marudio ya mwaka 2023

Novemba 2023 kampuni ya Broadcom ilikamilisha ununuzi wa VMware, na mwezi uliofuata ikatangaza kusitisha uuzaji wa leseni za kudumu. Mteja angelipia matumizi kwa kipindi, na kipindi kikiisha angelipia upya. Taasisi nyingi duniani zilianza kutathmini gharama ya kuhama. Hapo ndipo tofauti ilipodhihirika. Zile zilizokuwa na wahandisi wenye mazoea ya Xen au KVM zilikuwa na chaguo la kweli. Zile zilizojua tu kubofya skrini ya bidhaa moja zilikuwa na haki ya kuhama kwa maandishi, lakini hazikuwa na miguu ya kuhamia.

Hitimisho

Historia hii haithibitishi kwamba programu huria ni bora kila mahali. Mwaka 1983 ulionyesha kuwa kubadili kiini cha mfumo kuna gharama inayolipwa kila toleo jipya linapotoka. Inachothibitisha ni kwamba masharti ya leseni hubadilika mikononi mwa mmiliki, ilhali ujuzi hubaki kwa aliyenao. Cape Town ni ushahidi kwamba ujuzi huo unaweza kuota Afrika.

Kwa serikali na vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, mambo matatu yanafuata. Kwanza, mkataba wa ununuzi ueleze namna ya kuondoka, si namna ya kuingia tu. Pili, marekebisho ya lazima yafanywe kupitia njia rasmi za mfumo kadiri inavyowezekana, na yale ya kiini yaandikwe na kuhifadhiwa. Tatu, mafunzo ya wahandisi yagharimiwe ndani ya bajeti ya mitambo yenyewe, kwa kuwa seva bila mtu wa kuirekebisha itabaki chini ya masharti ya aliyeiuza.