Upepo Katika Mafuta ya Breki

Kuna maradhi ya gari ambayo dereva huyatambua kwa unyayo kabla hajayatambua kwa akili: akanyaga breki kama ilivyo ada yake, na badala ya kukutana na ukinzani ulio imara, mguu unazama kana kwamba umekanyaga godoro la usufi, na gari halisimami illa kwa kubembelezwa kwa mkanyago wa pili na wa tatu. Mafundi husema pedeli imelegea, au breki imeingia upepo. Yamkini aliyenunua gari la umeme alidhani kwamba maradhi hayo ameyaacha nyuma pamoja na kabureta, plagi na ekzosi. La hasha, kwani chini ya mguu wake kumebaki maarifa yenye umri mkubwa kuliko injini aliyoikimbia.

Maarifa yenyewe asili yake ni Mfaransa Blaise Pascal, aliyefariki mwaka 1662 akaacha risala juu ya mizani ya vimiminiko, iliyochapishwa mwaka uliofuata, ambamo alibainisha kwamba shinikizo likitiwa katika kimiminiko kilichofungiwa huenea pande zote kwa kadiri moja. Mwingereza Joseph Bramah aliitumia kanuni hiyo mwaka 1795 kuundia shinikizo la maji la viwandani. Ajabu ni kwamba magari ya mwanzo hayakuambulia chochote katika hayo: breki zake zilikuwa za fito na kamba za chuma, aghalabu katika magurudumu ya nyuma peke yake, na fito moja ikikazwa kuliko mwenziwe, gari lilikwenda upande badala ya kusimama.

Aliyeleta mafuta mahali pa fito ni Mmarekani Malcolm Loughead, ndugu yake Allan wa ndege za Lockheed, ambaye alipata hataza ya breki zake mwaka 1917. Mwezi wa Julai 1921 dereva Jimmy Murphy alishinda mashindano makuu ya Ufaransa huko Le Mans akiendesha Duesenberg yenye breki za mafuta katika magurudumu yote manne, na mwaka 1924 Chrysler wakaziweka katika gari la kuuzwa kwa watu wengi. Lakini ilikuwapo aibu ndogo: vikombe vya kuzibia mafuta ndani ya silinda vilikuwa vya ngozi, na ngozi hukauka, hunywea, huvujisha, hata wahandisi wa Chrysler wakaona hapana budi kuviondoa na kutia vya mpira. Na mafuta ya siku zile yalichanganywa spiriti na mafuta ya mbarika, yale yale waliyonyweshwa watoto kwa nguvu wakifungwa choo. Henry Ford hakuyaamini mambo haya. Magari yake yaliendelea na fito na kamba hadi yalipotoka yale ya mwaka 1939.

Waama mwenye shaka hakuwa mjinga kabisa. Fito ikilegea huonekana kwa macho, ilhali mafuta huficha ila yake ndani ya bomba. Kimiminiko hakikubali kusongeka, ndiyo maana huufikisha mguu wa dereva hadi gurudumuni. Lakini upepo husongeka, na kipovu kidogo kikiingia, nguvu yote ya mguu huishia kukibana kipovu hicho. (Breki za upepo za malori ni jambo jingine, wala tusizichanganye na hizi.) Fauka ya hayo, mafuta ya breki ya leo yana tabia ya kufyonza unyevu wa hewa: yale yenye alama ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanywa maji kiasi cha asilimia 3.7 kiwango chake huweza kushuka hadi 155, na yakichemka mteremkoni hutoa mvuke, nao mvuke kwa pedeli hauna tofauti na upepo.

Ama gari la umeme, hilo limeizidishia ila hii hila ya kujificha. Dereva akiachia mwendo, mota hugeuka jenereta na kurudisha umeme betrini, fikra ambayo Mfaransa Louis Krieger aliitumia katika magari yake ya umeme mwishoni mwa karne ya 19. Kwa hiyo breki zenyewe hukaa zimestarehe, diski zikishika kutu, pini za kalipa zikigandamana, na mafuta yakizeeka chomboni pasipo mtu kuyakumbuka. Volkswagen waliporudisha dramu katika magurudumu ya nyuma ya ID.3, wapo waliosema ni ubahili. Mimi naona ni busara, maana kilichofunikwa hakishiki kutu upesi. Tena yapasa kupambanua: injini ya petroli huvuta pumzi, na mvuto huo ndio uliokopwa kuusaidia mguu, gari la umeme halina wa kukopwa, likapewa pampu au mota ya kazi hiyo. Msaada huo ukifa, pedeli huwa ngumu kama jiwe. Pedeli laini si kesi yake. Ikipanda kwa kupampu, shuku upepo. Ikizama polepole chini ya mguu uliotulia, wala pasionekane tone nje, shuku vikombe vya masta silinda.

Nilipata kuketi gereji siku moja wakati gari la namna hiyo lilipoletwa, limebadilishwa kalipa kwingine na chombo cha mafuta kikaachwa kikauke. Mzee alilala kando ya gurudumu, spana mkononi, mpira mwembamba ukitoka katika skrubu ya kutolea upepo na kuzama katika chupa, na kijana akakaa kwenye usukani.

“Pampu, mwanangu. Shika!”

“Nimeshika, mzee.”

Akafungua nusu duara, mafuta yakatoka meusi kama chai ya rangi, yakifuatwa na vipovu, akafunga. “Achia.” Wakazunguka magurudumu yote manne hivyo, mafuta yakawa meupe, na pedeli bado ikazama. Hapo ndipo mzee alipoagiza kompyuta, kwa sababu upepo ulikuwa umejibanza ndani ya mtambo wa ABS, mahali ambapo vali zake hazifunguki kwa kukanyaga bali kwa amri ya umeme. Mtambo ukanguruma, vali zikagonga tiki tiki, na chupani vikapanda vipovu vidogo vingi kama vya soda. Walirudia mara tatu. Mara ya nne mzee hakutazama chupa. Alitazama goti la kijana, ambalo safari hii halikushuka.