Uganda Journal

Uganda Journal ni jarida la kitaaluma la chama cha Uganda Society, lililoanza kutoka mwaka 1934. Chama chenyewe kilizaliwa Entebbe mwaka 1923, enzi za ukoloni wa Kiingereza, kwa jina la Uganda Literary and Scientific Society. Mwaka 1933 kilijipanga upya na kufupisha jina, na mwaka uliofuata jarida likaingia mitamboni. Maktaba ya chama sasa iko Kampala, ndani ya jengo la Makumbusho ya Uganda huko Kitante.

Miaka hiyo ya mwanzo Uganda haikuwa na chuo kikuu, na hakukuwa na mtu aliyeajiriwa kutafiti historia yake. Walioandika walikuwa maofisa wa serikali, mahakimu, wajiolojia, wamisionari na Waganda wachache wasomi, kila mmoja akiandika baada ya kazi yake ya kawaida. Ham Mukasa, aliyefuatana na Apolo Kagwa, Katikiro (waziri mkuu) wa Buganda, kwenda London mwaka 1902, aliandika kumbukumbu kuhusu utawala wa Kabaka (mfalme) Mutesa. Pembeni ya kumbukumbu hizo zilichapwa habari za wanyama, miamba na mila. Nyanja za elimu zilikuwa hazijagawanyika, na jarida lilizipokea zote.

Namna taaluma ilivyokua ndani ya jarida inaonekana vizuri zaidi kwa kufuata mahali pamoja: Bigo bya Mugenyi. Ni mahandaki ya kale kusini mwa mto Katonga, yenye jumla ya urefu unaozidi kilomita 10, na kwingine yamechimbwa hadi ndani ya mwamba. Mwaka 1934 E. J. Wayland, mkurugenzi wa kwanza wa idara ya jiolojia, aliyaeleza kwa jicho la mtu wa miamba. Mwaka 1935 John Milner Gray, mwanasheria ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar na mwandishi wa historia ya visiwa hivyo, alirudi kwenye kitendawili hichohicho: nani alichimba, na kwa nini? Wenyeji walikuwa na jibu lao tangu zamani, kwamba ni kazi ya Wachwezi, watawala wa kale ambao masimulizi yanawapa nguvu zisizo za kibinadamu.

Jibu la sepeto lilichelewa. Peter Shinnie alichimbua Bigo mwaka 1957 na kuchapisha ripoti yake katika jarida mwaka 1960. Merrick Posnansky, aliyekuwa msimamizi wa Makumbusho ya Uganda, alichimbua mwaka 1960, na ripoti yake ndefu ikatoka mwaka 1969. Sasa hoja zilijengwa juu ya mifupa ya ng'ombe na vigae vya vyungu vilivyonakshiwa kwa kubingirisha kamba iliyosokotwa juu ya udongo mbichi. Makaa yalipimwa kwa kaboni ya mionzi, na umri wake ukaangukia takribani kati ya karne ya 14 na ya 16. Posnansky alilinganisha boma la katikati na orurembo, makazi ya kifalme ya ufalme wa Nkore. Msomaji akiziweka makala hizi pamoja anaona akiolojia ya nchi ikikua katika kurasa za jarida moja, kutoka maelezo ya mpita njia hadi ripoti yenye michoro ya matabaka ya udongo.

Masimulizi ya mdomo nayo yalipata nafasi yake. Kati ya 1935 na 1937 jarida lilichapisha orodha ya wafalme wa Bunyoro-Kitara, yaani ufalme wa Bunyoro, iliyotiwa saini kwa herufi mbili tu, K.W. Mwandishi alikuwa Omukama (mfalme) Tito Winyi wa Nne mwenyewe. Bunyoro wakati huo ilikuwa ikidai kaunti zake zilizopewa Buganda mwishoni mwa karne ya 19, na Buganda ilikuwa na kitabu cha Kagwa kuhusu makabaka tangu 1901. Wanahistoria wa baadaye walihoji kama orodha hiyo haikurefushwa kushindana na ile ya Buganda. Hoja yao ina uzito. Hata hivyo, bila jarida tusingekuwa na maandishi ya kuhojiwa: mfalme aliweka hoja yake hadharani, mahali ambapo yeyote angeweza kuijibu.

Mjadala wa Biharwe ni mfano mwingine. Inasimuliwa kwamba Omukama Olimi wa Bunyoro alipovamia Nkore, jua lilitoweka mchana huko Biharwe, karibu na Mbarara, na jeshi lake likarudi kwao. Kupatwa kwa jua kunaweza kukokotolewa, na nchi isiyokuwa na tarehe za maandishi ingepata walau moja ya kushikilia. Mwaka 1959 J. Sykes alitetea 1520. Mwaka 1963 Gray alirudi na 1492. Tofauti ya miaka 28 ni karibu kizazi kizima cha wafalme, hivyo kila orodha ya watawala wa eneo hilo ilisogea kufuatana na tarehe iliyokubaliwa. Leo 1520 ndiyo inayotajwa zaidi.

Wakati huo chuo cha Makerere kilikuwa tayari na uhusiano na Chuo Kikuu cha London, tangu 1949, na historia ilishakuwa kazi ya mshahara. Mwaka 1966 Semakula Kiwanuka alichambua maandishi ya Kagwa katika jarida: Mganda msomi akimpima Mganda aliyemtangulia. Hapo ndipo jarida lilipotimiza kile ambacho makala nyingi za awali zilishindwa, yaani kumtaja msimulizi na kupima maneno yake, kwani katika makala hizo mzee aliyesimulia mara nyingi hakutajwa hata jina. Lakini makala za kitaalamu zilikwisha kupata milango mingine: Journal of African History ilianza 1960, na Azania, jarida la akiolojia ya Afrika Mashariki, mwaka 1966.

Utawala wa Idi Amin, ulioanza 1971, uliwatawanya wasomi. Matoleo yakawa ya kukatika, na ufufuo wa baadaye haukurudisha mwendo wa zamani. Juzuu za zamani zimewekwa mtandaoni na Chuo Kikuu cha Florida, Marekani.

Jinsi makala zilivyohamia majarida mengine inaonekana kwa mahandaki mengine ya kale, ya Munsa. Mwaka 1955 E. C. Lanning, afisa wa utawala, aliyaeleza katika Uganda Journal. Peter Robertshaw alipoyachimbua katika miaka ya 1990, ripoti yake ya awali ilitoka katika Azania mwaka 1997. Watafiti wa sasa wanatilia shaka kwamba Bigo, Munsa na ngome nyingine zilikuwa za dola moja ya Wachwezi, na mjadala huo haujafungwa.