Mazoezi ya viungo yamsaidiavyo mwanafunzi mwenye usonji

MWANAFUNZI mwenye usonji asiyetulia darasani mara nyingi huachwa nyuma wenzake wanapokwenda uwanjani, kwa hofu kwamba atawasumbua. Kumwacha hivyo ni kumnyima mojawapo ya njia za kumwandaa kujifunza.

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano, uhusiano na watu, na namna mtu anavyopokea sauti, mwanga na mguso. Mwaka 1943, Dk. Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alichapisha maelezo ya watoto 11 wenye hali hiyo. Si laana, wala haiambukizi, na mazoezi hayaiondoi.

Faida yake ni nyingine. Mwaka 1984, watafiti wa Marekani Lynn Kern, Robert Koegel na Glen Dunlap walilinganisha dakika 15 za kucheza mpira taratibu na dakika 15 za kukimbia mfululizo. Baada ya kukimbia, vitendo vya kujirudiarudia vilipungua. Mpira haukuleta tofauti kubwa.

Hata hivyo, lengo si kumkataza mtoto kupunga mikono, kwani wengi hufanya hivyo ili kujituliza. Lengo ni kumsaidia asikilize na kufuata somo.

Nchini Japani, Dk. Kiyo Kitahara wa Tokyo aliyafanya mazoezi kuwa nguzo ya mafunzo ya watoto hao. Shule ya Boston Higashi, iliyofunguliwa Marekani mwaka 1987, hufuata mfumo wake.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wa mwaka 2020, linapendekeza wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 17, wakiwamo wenye ulemavu.

Kwa kuwa nafuu hiyo haidumu siku nzima, inafaa mazoezi yatangulie somo linalohitaji umakini. Mwalimu aonyeshe kila hatua kwa vitendo au picha, afuate ratiba isiyobadilika ghafla, na aepuke filimbi kwa mtoto anayeumizwa na kelele. Mwenye kifafa apate kwanza ushauri wa daktari.

Muhimu zaidi, kukimbia kusitumiwe kama adhabu, wala mtoto asinyimwe kipindi cha michezo kwa kosa la kutotulia. Huenda kipindi hicho ndicho kitakachomwezesha kutulia.